Fundi wa Leja ya Umeme: Historia ya Kazi Mpya ya Vijana

(Somo hili lilisomwa katika redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa ili wanafunzi walisome tena pamoja na mwalimu wao, kisha wajibu maswali yaliyo mwishoni.)

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kazi. Tena ni kazi ambayo wengi wenu mnaitumia kila siku bila kumwona anayeifanya.

Sababu ya kuchagua somo hili ni barua. Mama mmoja, mwanafunzi wa kisomo kama ninyi, ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Asema hivi: Binti yake amesoma mambo ya kompyuta chuoni. Kabla ya kumaliza alipelekwa miezi mitatu kufanya mafunzo ya kazi, ambayo vijana huyaita fildi, katika ofisi moja inayotengeneza programu za kutuma fedha kwa simu. Sasa amemaliza chuo, na ofisi ile imemwita arudi, kwa mkataba wa mwaka 1 na mshahara mdogo. Baba yake mkubwa amekataa. Asema kubonyeza mashine si kazi. Binti arudi nyumbani angojee nafasi ya Serikali. Mama auliza: "Je, hii ni kazi ya kweli? Ilianza wapi? Na mtu huianzaje?"

Mama, asante kwa barua yako. Maswali yako ni matatu, nasi tutayajibu moja moja. Shauri la nyumbani kwako ni lenu wenyewe. Lakini mtu anayejua habari za kazi ilikotoka hukata shauri kwa macho yaliyofumbuliwa.

KAZI YENYEWE NI NINI

Tuseme wewe uko Tabora, nawe wataka kumpelekea mama yako shilingi 20,000 huko Mbozi. Zamani ungemtafuta mtu anayesafiri, ukampa noti ndani ya bahasha, ukaomba Mungu zifike salama. Au ungekwenda posta kununua hawala. Siku hizi wabonyeza simu yako, na kabla hujairudisha mfukoni, mama amekwisha pata ujumbe.

Je, noti zimeruka angani? La. Kilichosafiri ni habari tu. Mahali fulani pana kompyuta iliyotunza daftari kubwa la hesabu, yaani leja. Katika leja hiyo jina lako limepunguziwa shilingi 20,000 na ada yake, na jina la mama yako limeongezewa shilingi 20,000. Fedha zenyewe zimewekwa benki kwa jumla, mahali pa amana, na kampuni ya simu hairuhusiwi kuzitumia kama mali yake. Mama akienda kwa wakala kutoa, jina lake hupunguziwa, jina la wakala huongezewa, naye wakala humpa noti kutoka katika sanduku lake.

Basi, nani aliiambia kompyuta ipunguze huku na kuongeza kule? Kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa, mstari kwa mstari. Maagizo hayo huitwa programu. Anayeyaandika, kuyajaribu na kuyatengeneza yanapoharibika huitwa mhandisi wa programu. Kwa lugha ya nyumbani twaweza kusema ni fundi wa leja ya umeme.

Hiyo ndiyo kazi ya binti wa mama yetu. Habonyezi tu. Anashika leja ya watu.

MAKARANI WA KAMPUNI YA CHAI

Ili kujua kazi hii ilianza wapi, twende kwanza Uingereza, kwa sababu huko ndiko ofisi ya biashara ilikoanza kutumia kompyuta kwa hesabu zake za kawaida.

Palikuwa na kampuni ikiitwa J. Lyons. Haikuwa kampuni ya mashine. Ilikuwa na mikahawa ya chai mingi, na viwanda vya mikate na keki. Biashara kama hiyo ina hesabu ndogo ndogo zisizo na mwisho: kikombe cha chai, kipande cha keki, mshahara wa mtumishi wa mezani. Makarani walikuwa wengi sana, wakijumlisha na kutoa tangu asubuhi mpaka jioni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakubwa wa kampuni walisikia habari za kompyuta zilizokuwa zikitengenezwa na wataalamu wa vyuo vikuu. Wakakata shauri kujenga yao wenyewe. Waliiita LEO. Mwaka 1951 ikaanza kufanya kazi ya ofisi ya kila juma, kuhesabu thamani ya vitu vilivyotoka katika viwanda vya mikate. Mwaka 1954 ikaanza kuhesabu mishahara. Karani hodari alihitaji dakika 8 kuhesabu mshahara wa mtu mmoja, pamoja na kodi na makato yake. Mashine ilihitaji sekunde 1 na nusu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jibu la mama yetu. Kampuni ilipata wapi watu wa kuandika maagizo ya mashine hiyo? Hapakuwa na chuo kilichowatoa, wala mtu aliyekuwa na cheti cha kazi hiyo, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa haijapata kuwako. Basi waliwatafuta miongoni mwa makarani wao. Waliwapa mafunzo mafupi na mtihani, wakawachagua waliofaa, wakawaweka kazini chini ya wale waliotangulia.

Katika mafunzo ya mwaka 1952 alikuwamo mwanamke mmoja, Mary Coombs. Chuoni alikuwa amesoma Kifaransa, na katika kampuni alikuwa karani. Alifaulu, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza duniani kuandika programu za biashara. Alifanya kazi katika hesabu za mishahara, na baadaye alikuwa akizipitia programu za wenzake na kutafuta makosa.

Na makosa hayakuwa mchezo. Mashine ikikosea mshahara, mtu alirudi nyumbani siku ya malipo bila haki yake, na watoto wake walipungukiwa. Kwa hiyo kabla ya kuiamini mashine, kampuni ilifanya kazi ile ile mara mbili, makarani kwa mikono yao na mashine kwa njia yake, kisha wakalinganisha. Hesabu zilipokubaliana, ndipo mashine ikaachiwa kazi.

Kwa hiyo, mama, kazi hii tangu mwanzo wake ni kazi ya kujifunza mezani, pembeni ya anayejua. Aliyeianza hakuwa bingwa. Alikuwa mwanagenzi.

MASHINE BILA MAFUNDI

Sasa turudi nyumbani. Watu wengi hudhani kompyuta ilifika Tanzania juzi. Sivyo. Kompyuta ya kwanza hapa kwetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Muungano. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500.

Kumbukeni hali ya nchi wakati huo. Tulikuwa tumepata Uhuru mwaka 1961, na waliosoma mpaka chuo kikuu walikuwa wachache. Mwaka 1966 Benki Kuu yetu ilifunguliwa, nasi tukaanza kutumia shilingi yetu wenyewe. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yakawa mali ya umma, na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Kazi ya benki ilikuwa kazi ya kalamu na leja. Karani aliandika kila kitu kwa wino, na jioni hakwenda nyumbani mpaka vitabu vikubaliane.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ilitaka hesabu zake zihamishiwe katika kompyuta. Nia ilikuwa njema. Lakini kazi ya kupanga na kuongoza mambo hayo ilikuwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni, na wenyeji waliofundishwa walikuwa wachache mno. Mgeni akimaliza mkataba wake huondoka, naye huondoka na maarifa yake kichwani. Anayebaki huachiwa mashine asiyojua ndani yake mna nini. Matokeo yake hesabu za Serikali zikaharibika, na hasara ikawa kubwa.

Serikali ikachukua hatua kali. Mwaka 1974 ilitoa amri ya kukataza kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Wakati huo kompyuta zote za nchi zilihesabika kwa vidole.

Tusiwacheke watu wa zamani. Nchi ilikuwa maskini, fedha za kigeni zilikuwa haba, na mtu aliyeumwa na nyoka huogopa ung'ongo. Lakini amri ile nayo ilikuwa na gharama yake. Kijana hawezi kujifunza kuogelea mahali pasipo maji. Kwa miaka mingi vijana wetu wachache tu walipata nafasi ya kuigusa mashine, kuikosea na kuitengeneza. Masharti yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 kompyuta ndogo zikaanza kuenea maofisini na madukani.

Mama, yamkini baba mkubwa wa binti yako ana umri wa kukumbuka mambo hayo. Kama ndivyo, usimwone mjinga. Mtu wa rika lake alisikia kwamba mashine hizi ziliwahi kuitia nchi hasara. Alisikia kweli. Ila kilicholeta hasara kilikuwa mashine isiyo na fundi wake.

FEDHA ZAINGIA KATIKA SIMU

Sura ya pili ya habari hii yaanzia kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone ya Uingereza, pamoja na Safaricom ya Kenya, ilianza kujaribu mpango mmoja, kwa msaada wa fedha za Serikali ya Uingereza. Waliouongoza ni Nick Hughes na Susie Lonie. Shabaha yao ilikuwa ndogo tu. Walitaka watu waliokopa mikopo midogo waweze kulipa madeni yao kwa simu, badala ya kusafiri na kukaa mkutanoni kuhesabu noti.

Wakawapa watu simu, wakatazama. Walichokiona hawakukitazamia. Watu walilipa madeni, ndiyo, lakini pia walitumiana fedha wao kwa wao. Mwingine alimlipia rafiki yake. Mwingine aliweka fedha katika simu kabla ya safari, akazitoa alikofika, ili asinyang'anywe njiani. Basi wenye mpango wakageuza shauri. Mwezi wa Machi mwaka 2007 M-Pesa ikafunguliwa kwa watu wote wa Kenya, kazi yake kubwa ikiwa kutuma fedha. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania, na makampuni mengine yakafuata na huduma zao.

Angalieni jambo moja. Fundi wa programu hakuijua kazi yake yote mpaka alipowatazama watu wakiitumia. Mama muuza mchicha, dereva wa lori na mkopaji wa Kenya walimfundisha fundi wa Ulaya. Na jambo la pili: mashine kuu zilizotunza leja ya M-Pesa ya Kenya zilikuwa mbali, Ujerumani, mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Leja ilirudi nyumbani baada ya miaka 8.

Na hapa kwetu? Tuitazame tena Wizara ya Fedha, ile ile ya mwaka 1965. Mwaka 2017 Serikali ilianza kutumia mfumo wa kupokea malipo yake kwa njia ya umeme, uitwao GePG. Wengi wenu mwaujua bila kujua jina lake. Ukitaka kulipia kiwanja, leseni au maji, waambiwa uchukue kontrol namba, kisha walipa kwa simu au benki. Kontrol namba hiyo hutolewa na mfumo huo. Nao haukununuliwa kwa wageni. Uliandikwa na wataalamu wa Serikali yetu wenyewe. Baadaye Benki Kuu nayo ilitengeneza, kwa wataalamu wake wa ndani, mfumo uitwao TIPS, ambao huwezesha fedha kutoka kampuni moja ya simu au benki kwenda nyingine mara moja.

Wataalamu hao hawakuzaliwa wakijua. Kila mmoja wao alikuwa na siku ya kwanza kazini, akikaa kando ya mkubwa wake na kuogopa kugusa kitu.

MWANAGENZI HUFUNDISHWA NINI

Sasa tuingie ofisini alikokaa binti yetu, tuone miezi mitatu ile ilikuwa ya nini. Chuoni alifundishwa kuandika maagizo ya kompyuta. Ofisini amefundishwa adabu ya fedha. Adabu hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta, nayo ina kanuni nne.

Kanuni ya kwanza ni pande mbili. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alipiga chapa kitabu mwaka 1494 kilichoeleza jinsi wafanyabiashara wa Venice walivyoandika hesabu. Kila fedha iliyotoka mahali huandikwa pia mahali ilipoingia. Pande mbili zikikataana, pana kosa au pana mwizi. Kompyuta ya fedha hufuata kanuni hiyo hiyo. Shilingi 20,000 zikipunguzwa kwako, hazina budi kuongezwa kwa mama. Umeme ukikatika katikati, kompyuta haina ruhusa ya kuacha nusu ya kazi. Hufanya yote mawili au haifanyi hata moja.

Kanuni ya pili ni kutorudia. Wewe umetuma fedha, mtandao umesumbua, hukupata jibu. Utafanya nini? Utabonyeza tena. Je, mama apate shilingi 40,000, nawe ulie? Mhandisi hulifikiria jambo hilo kabla yako. Kila agizo la kutuma hupewa alama yake peke yake. Agizo lenye alama ile ile likija mara ya pili, kompyuta husema, "Hili nimekwisha lifanya," nayo haipunguzi tena. Mwanagenzi asiyeijua kanuni hii aweza kuandika programu inayopendeza siku ya maonyesho, lakini itakayowaibia watu siku ya mvua.

Kanuni ya tatu ni kutofuta. Karani wa zamani alikatazwa kutumia kifutio katika leja. Akikosea, aliandika mstari mwingine wa kusahihisha, ili mkaguzi aone kosa na sahihisho. Katika kompyuta ni hivyo hivyo. Ukituma fedha kwa namba isiyo yake, nazo zikarudishwa, kutuma kumeandikwa na kurudisha kumeandikwa. Hakuna kinachofichwa.

Kanuni ya nne ni jicho la pili. Hakuna mtu, hata awe mkubwa, aandikaye maagizo ya fedha akayapeleka kazini peke yake. Mwenzake huyasoma kwanza. Kisha hujaribiwa katika leja ya mfano, yenye fedha za uongo. Yakifaulu huko, ndipo yanapelekwa kwenye fedha za kweli, tena yakiangaliwa. Hii ndiyo kazi aliyoifanya Mary Coombs, na ndiyo kazi ya kwanza wanayopewa wanagenzi wengi: kujaribu kazi za wengine, kutafuta makosa, na kurekebisha vitu vidogo.

Pengine mtauliza: je, siku hizi hakuna kompyuta zinazoandika programu zenyewe? Zipo, nazo husaidia sana. Lakini fedha za watu zikipotea, mkaguzi haiulizi kompyuta. Humwuliza mtu. Kwa hiyo anayeweza kusoma maagizo, kuyaelewa na kuona mahali yatakapovunjika, huyo bado anahitajiwa.

SIKU BAADA YA MAFUNZO

Mama, sasa nakuja kwenye swali lako la tatu: mtu huianzaje kazi hii, mafunzo yakiisha?

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mafunzo ya kazi si ahadi ya kazi. Vijana wengi humaliza fildi, wakashukuriwa na kuagwa. Binti yako kuitwa tena maana yake wale waliomwona kila siku kwa miezi mitatu wamemwona anafaa. Hilo ni jambo la thamani, lisidharauliwe.

Jambo la pili ni kwamba kuitwa si sababu ya kufumba macho. Kabla hajaweka sahihi yake, aulize mambo haya:

1. Je, mkataba umeandikwa, nao wasema mshahara ni kiasi gani na utalipwa lini?

2. Je, atachangiwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii?

3. Nani atakuwa akizipitia kazi zake? Hili ni swali kubwa. Mshahara mdogo mahali penye mwalimu mzuri waweza kuvumilika kwa muda. Mshahara mdogo mahali pasipo mwalimu ni hasara mara mbili.

4. Je, ofisi hiyo inafanya kazi kwa ruhusa? Biashara ya kuhamisha fedha za watu husimamiwa na Benki Kuu, na tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Mifumo ya Malipo. Kampuni inayojificha na sheria si mahali pa kijana kuanzia maisha.

5. Mwaka ukiisha, je, atapimwaje ili apandishwe?

Jambo la tatu ni kazi ya binti mwenyewe. Mwaka wa kwanza atapewa kazi ndogo, nazo zitamchosha. Atakaa juma zima akitafuta kosa la mstari mmoja. Asione haya. Awe na daftari, aandike kila kosa alilolikuta, lilitokana na nini na lilitengenezwaje. Asiogope kuuliza, bali asiulize jambo moja mara tatu. Akikosea, aseme mapema. Katika kazi ya fedha, kosa lililosemwa asubuhi hutengenezwa kabla ya jioni, lakini kosa lililofichwa hulala na kuzaa. Tena asikae mbele ya kompyuta tu. Aende kwa wakala, asimame kando, atazame mzee asiyesoma vizuri anavyohangaika na simu. Huko ndiko watengenezaji wa mwaka 2005 walikojifunza.

Jambo la nne ni uaminifu, nalo ndilo zito kuliko yote. Mhandisi wa fedha aweza kuwa karibu na habari ambazo hata ndugu wa mtu hazijui: amelipwa kiasi gani, amemtumia nani, ana deni gani. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini sheria hufika baada ya uharibifu. Rafiki zake watakuja. Mmoja atamwomba amtazamie hesabu ya mumewe. Mwingine atamwomba neno la siri, "kwa dakika moja tu." Siku hiyo chuo hakitakuwapo. Kitakachokuwapo ni malezi uliyompa wewe, mama. Umfundishe kusema hapana kabla hajaenda.

Na nafasi ya Serikali anayoitaka baba mkubwa? Si shauri baya. Tumeona kwamba baadhi ya kazi kubwa za fundi huyu zimefanywa ndani ya Serikali. Lakini anayeingoja akiwa kazini, mikono yake yazidi kuwa myepesi. Anayeingoja barazani, mikono yake husahau. Mwaka mmoja wa kukaa bila kugusa kazi ni mrefu kwa fundi kijana. Nchi yetu ilikwisha kuionja gharama hiyo baada ya mwaka 1974.

KUMALIZIA

Tumekwenda mbali leo. Tuliwaona makarani wa chai wakijifunza kuandika programu mezani pa kampuni yao. Tuliiona Wizara ikinunua mashine kabla ya kuwa na mafundi, ikapata hasara, nchi ikafunga mlango. Kisha, miaka 43 baada ya mlango ule kufungwa, tuliiona Wizara ile ile ikipokea malipo kwa programu iliyoandikwa na watu wa hapa hapa. Kilichobadilika katikati ni watu waliokubali kuanza chini, na wakubwa waliokubali kuwafundisha.

Mama, soma somo hili pamoja na baba mkubwa. Mpe heshima yake, msikilize hofu yake, kisha mwonyeshe kontrol namba ya ankara ya maji. Mwambie kwamba namba ile iliandikiwa maagizo na mtoto wa mtu. Halafu kateni shauri pamoja.

Wanafunzi, kwaherini mpaka juma lijalo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Leja: daftari kubwa la hesabu, linaloonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka.

Mwanagenzi: mtu anayeanza kujifunza kazi kwa fundi.

Programu: maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate.

Amana: kitu kilichowekwa kwa mtu akitunze, wala si mali yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ukimtumia mtu fedha kwa simu, ni kitu gani kinachosafiri hasa?

2. Kampuni ya J. Lyons iliwapata wapi waandishi wake wa programu, na kwa nini haikuwatafuta chuoni?

3. Kwa nini hesabu za Serikali ziliharibika mwanzoni mwa miaka ya 1970? Je, amri ya mwaka 1974 ilileta faida gani, na hasara gani?

4. Hesabu hii ifanyeni katika daftari: Asha ana shilingi 50,000 katika simu. Anamtumia Juma shilingi 20,000, na ada ni shilingi 500. Mtandao unasumbua, naye anabonyeza mara ya pili. Kama programu ni nzuri, Asha atabaki na shilingi ngapi? Kama ni mbaya, na agizo limefanywa mara mbili, atabaki na ngapi?

5. Katika kijiji au mtaa wenu, vijana hujifunza kazi gani kwa kukaa na fundi? Je, kanuni za fundi huyo zafanana na kanuni nne tulizozisoma?

6. Ungekuwa wewe ni mama yule, ungemwambia nini binti yako? Andika barua fupi ya mistari kumi.